“Hakuna mahali pamekatazwa”: jibu kwa mwalimu wa mbio za mashua, Mtongwe

Mwalimu, shukran kwa swali lako. Nalifupisha ili na wengine walifuate. Unafundisha vijana kuendesha mashua za ILCA, zile ndogo za mtu mmoja ambazo wengi wetu bado tunaziita Laser. Kwenye mbio za klabu ndani ya bandari ya Kilindini kijana wako alimaliza wa kwanza, na mshindani wake akaweka pingamizi juu ya vitu vitatu. Cha kwanza ni kamba ya vangi, ile inayouvuta mti wa chini wa tanga kuelekea kwenye shina la mlingoti, ambayo ganda lake limevuliwa nusu ili ipite wepesi kwenye makapi, yale magurudumu ya kupitishia kamba. Cha pili ni usukani uliovunjika ncha, fundi akaurekebisha kwa faibaglasi, kisha akaupiga msasa ukingo wa nyuma mpaka ukawa mwembamba. Cha tatu ni tanga ambalo halikutoka kwa mshonaji mwenye leseni ya klasi, yaani ya jamii hii ya mashua za muundo mmoja, mlilolinunua kwa kuwa la asili ni ghali. Kamati ikamwondoa kwenye matokeo. Nawe unaandika: “Nimesoma kanuni mwanzo hadi mwisho, hakuna mahali pamekatazwa hata kimoja katika hivyo vitatu.”

Kwa kamba, kamati ilikuwa sahihi. Kwa tanga pia, ingawa hapo waliotayarisha mbio wana sehemu kubwa ya lawama kuliko kijana wako. Kwa usukani siwezi kukata shauri bila kuushika mkononi, lakini nitakueleza mimi mpimaji wa vifaa nitautazama vipi, nawe utajijibu mwenyewe kabla hujafika kwangu.

Mzizi wa jambo zima uko kwenye hilo ulilokuwa unalitafuta uliposoma. Ulitafuta katazo. World Sailing, chombo kinachosimamia mchezo huu duniani, kina kitabu chake cha Kanuni za Vifaa, na humo kanuni za klasi zimegawanywa namna mbili. Kuna kanuni wazi, ambazo lolote lisilokatazwa linaruhusiwa. Na kuna kanuni funge, ambazo lolote lisiloruhusiwa kwa maandishi limekatazwa. ILCA ni kanuni funge, na tena ni kali katika hizo. Kanuni yake ya msingi inasema mashua ishindane na bodi (mwili wa mashua), milingoti, tanga na vifaa vilivyotoka kwa mtengenezaji mwenye leseni tu, na kwamba hakuna nyongeza wala badiliko lolote ila lililoidhinishwa waziwazi katika Sehemu ya 2 au Sehemu ya 3 ya kanuni hizo. Kwa hiyo ukifika mwisho wa kitabu bila kuona katazo, hujapata ruhusa. Unatakiwa urudi uitafute ruhusa yenyewe, na usipoiona basi jibu ni hapana.

Naelewa kwa nini jambo hili linatuwia gumu watu wa pwani. Sisi tumekulia kwenye mbio za namna nyingine. Angalia mbio za Lamu wakati wa Maulidi: anayeshinda ni nahodha pamoja na fundi. Tanga likikatwa vizuri zaidi, mkuku ukichongwa vizuri zaidi, hiyo ni sifa ya aliyeiunda mashua, na watu wa Matondoni, kijiji cha mafundi wa mashua huko Lamu, wana haki ya kujivunia. Katika mashua za muundo mmoja fundi ameondolewa makusudi. Tangu Bruce Kirby wa Kanada alipoichora Laser mwaka 1969, nguvu ya klasi hii imekuwa ni kwamba bodi ya kilo 59 hivi iliyoko Mombasa ni sawa na iliyoko Auckland, na atakayetangulia ametangulia kwa mikono yake, kwa macho yake na kwa kuusoma upepo. Ndivyo kanuni ya msingi inavyosema kwa maneno yake: kipimo cha kweli kiwe baina ya waendeshaji, si baina ya mashua na vifaa. Kwa ajili hiyo mashua hii ilibebwa kwenye Olimpiki mwaka 1996, katika mbio zilizokuwa wazi kwa wote, na kwa wanawake peke yao, ikiwa na tanga dogo zaidi, mwaka 2008. Mtoto wa Mtongwe asiye na baba tajiri anaweza kushindana na yeyote duniani kwa sababu ya ugumu huo wa kanuni. Ukiulegeza, wa kwanza kufaidika ni mwenye pesa.

Umeandika pia kwamba kamba ile haikumsaidia kitu, kwa kuwa alishinda kwa umbali ambao kipande cha kamba hakiwezi kuuleta. Naamini unasema kweli. Lakini katika kanuni funge hakuna anayeulizwa kama kitu kimemsaidia. Swali ni moja: kimeruhusiwa au hakikuruhusiwa? Na ni afadhali iwe hivyo. Fikiria kamati ya watu watatu waliojitolea, jua limeshatua, wanabishana kama urefu wa mashua tatu mbele ulitokana na kamba, au na kusi lililopuliza zaidi upande wa Likoni, au na kijana mwenyewe kupiga bisha mapema kuliko wenzake. Hawatamaliza, na wakimaliza hakuna atakayeridhika. Suala la faida linaingia mahali pamoja tu, nami nitalifikia.

Sasa kamba. Kwanza tazama tarehe iliyoandikwa kwenye ukurasa wa mbele wa kanuni ulizo nazo. Kanuni za Mbio na Kanuni za Vifaa za World Sailing hutoka upya kila baada ya miaka 4, na zinazotumika sasa zilianza 1 Januari 2025 na zitafika mwisho wa 2028. Kanuni za klasi hazingoji mzunguko huo. Hubadilika kwa wakati wake. Nimeona vijana wakitetewa kwa nakala iliyochapwa zamani, imekunjwa, imelowa maji ya chumvi, na kifungu kinachotegemewa kilishaondolewa. Pakua mpya kila mwanzo wa msimu.

Ukishapata nakala sahihi, tafuta kamba za kuongozea tanga. Hapo utaona ruhusa pana kweli: unaweza kuondoa kamba iliyokuja na mashua ukaweka nyingine uipendayo ya nyuzi za asili au za kutengenezwa, na makapi ya ziada yameruhusiwa kwa kiasi. Lakini ruhusa hiyo ina mpaka wake ndani ya kifungu hichohicho, kwamba kamba iwe ya unene mmoja na ya malighafi moja. Wengi husoma ruhusa wakaishia hapo kwa furaha. Katika kanuni funge ruhusa na masharti yake ni kitu kimoja, na ukivunja sharti umeipoteza ruhusa yote. Kamba iliyovuliwa ganda nusu ina unene wa aina mbili. Huhitaji hata chombo cha kupimia. Ishike baina ya kidole gumba na cha shahada, fumba macho, ivute polepole, na mahali ganda linapokoma utapahisi kama kidonda kilichopona. Mpimaji akishaisikia hiyo ndipo anatoa kalipa, kile chombo cha kupimia unene, kwa ajili ya kuandika namba tu.

La kusikitisha ni kwamba kijana angeweza kupata wepesi aliokuwa anautafuta kwa njia halali kabisa: anunue kamba nyembamba tangu mwanzo, ya unene mmoja kutoka ncha hadi ncha, yenye kiini kisichonyumbuka kama Dyneema. Itapita kwenye makapi vizuri kuliko ile aliyoivua. Mikono itamuuma kidogo mwanzoni, avae glavu.

Usukani ndio unaonipa kazi, na hapa nitakaa.

Kanuni zinaruhusu ukarabati na matunzo ya kinga kwa bodi, tanga, ubao wa kati, usukani, milingoti na vifaa vyake, kwa sharti kwamba umbo la msingi, sifa na kazi ya kitu cha asili visiathirike. Maana yake ni kwamba fundi wako hakukosea kuugusa usukani. Ncha ilivunjika, pengine kwenye mwamba maji yalipokupwa, na kuijenga upya ni haki yenu. Hakuna kanuni inayotaka usukani uliorekebishwa utupwe. Hilo ni muhimu kwetu, kwa sababu kipuri kipya hakipatikani dukani Digo Road. Kinaagizwa nje, kinangojwa, kinalipiwa ushuru.

Shida ni kile kilichofuata. Kabla sijaupima najiuliza: palipovunjika ni wapi, na fundi alifanya kazi wapi? Hizo sehemu mbili zikilingana, huo ni ukarabati. Zisipolingana, ile sehemu ya kazi iliyovuka jeraha inahitaji ruhusa yake yenyewe. Ncha ilivunjika, basi kuijaza ncha na kuilainisha ikutane na sehemu nzima ni sawa. Lakini ukingo wa nyuma haukuvunjika. Kuupiga msasa kwa urefu wote hadi uwe mwembamba ni kubadilisha umbo, na kila anayeendesha mashua anajua kwa nini watu hupenda kufanya hivyo: ukingo mwembamba huyaachia maji kwa utulivu zaidi, na usukani hautetemeki mashua inapokwenda kasi. Hata kama fundi hakulijua hilo, hata kama alitaka tu kazi yake ipendeze, umbo si lile lililotoka kiwandani.

Jinsi ya kuutazama: chukua usukani mwingine mzima wa mtengenezaji yuleyule, hilo la mtengenezaji yuleyule ulizingatie sana, maana watengenezaji wenye leseni ni zaidi ya mmoja na kumalizia kwao kunaweza kutofautiana kidogo. Weka mmoja juu ya mwingine, ulinganishe kwenye tundu la msumari wa juu, kisha uinue vyote viwili dhidi ya mwanga wa mlango. Palipopungua utaona mwanga unapita. Halafu pitisha gumba kwenye ukingo wa nyuma wa ule mzima; una ubapa mdogo, nawe utauhisi. Pitisha kwenye uliorekebishwa. Kama gumba linahisi makali, ushapata jibu kabla ya kalipa. Mwisho tazama rangi. Msasa huacha ukungu, na ukungu ukienda mbali na jeraha kwa mapana ya mkono au zaidi, fundi alivuka.

Nataka kumtetea fundi kidogo, maana najua kazi hii inavyokwenda kwetu. Epoksi kwenye joto la Mombasa hukamata haraka sana. Ukichanganya nyingi kwa mkupuo mmoja inapanda moto ndani ya kopo, na fundi analazimika kuipaka kwa haraka kabla haijawa jiwe. Kinachobaki ni uvimbe, na uvimbe lazima uondolewe kwa msasa, na msasa ukishaanza kukimbia mkono haujui mpaka. Hivyo ndivyo umbo linavyopotea bila mtu yeyote kukusudia udanganyifu. Dawa yake ni rahisi. Fanya kazi hiyo alfajiri au baada ya Alasiri kivulini, changanya kidogokidogo, na kabla ya yote piga picha za jeraha, uchore umbo la usukani mzima kwenye kipande cha plaiwudi, ukikate kiwe kiolezo. Bandika tepu kuzunguka jeraha, sentimita mbili tatu kutoka ukingo wake, na mwambie fundi msasa usivuke tepu. Ukija kwa mpimaji na picha hizo pamoja na kiolezo, mazungumzo yanakwisha kwa dakika chache. Ukija mikono mitupu unamlazimisha akisie, na mpimaji anayekisia ndani ya kanuni funge ataelekea kukataa.

Unaweza kuuliza: je, usukani uliofanyiwa msasa kupita kiasi hauwezi kurejeshwa? Unaweza. Kuongeza tabaka la faibaglasi kwenye ukingo na kuurudisha kwenye unene wa kiolezo ni ukarabati kama ule wa kwanza. Usiutupe.

Hapa ndipo suala la faida linapoingia. Kanuni za Mbio zina msamaha: kamati ikiona kwamba kasoro inayozidi kiasi kinachovumiliwa na kanuni za klasi imetokana na kuharibika au kuchakaa kwa kawaida, na kwamba haiongezi mwendo wa mashua, haimwadhibu. Mashua lakini haitashindana tena mpaka kasoro irekebishwe, isipokuwa kamati iamue kwamba hapakuwa na nafasi ya kuirekebisha. Soma vizuri masharti yake, yako mawili na yanakwenda pamoja. Usukani uliovunjika ncha katikati ya mbio unaingia kwenye msamaha huo. Uliochongwa na fundi hauingii hata ukipunguza mwendo, kwa sababu msasa si kuharibika wala si kuchakaa. Nakueleza haya kwa sababu nimeona watetezi wakiuvuta msamaha huo kila upande, na vijana wao wanaondoka wakiamini wameonewa.

Kuhusu milingoti hukuuliza, lakini nimeona kwenye picha uliyotuma kipande cha juu kinachotia shaka. Mlingoti uliopinda ukabaki umepinda haukubaliki kwenye klasi hii wakati wowote. Uviringishe juu ya meza tambarare. Ukirukaruka, uache nyumbani. Na ukague ribiti ya kola, pale vipande viwili vinapokutana. Maji ya chumvi yanapokaa kati ya ribiti na alumini yanakula kimyakimya, na mlingoti ukikatika hapo kwenye kusi la Julai kijana anabaki katikati ya mkondo wa meli.

Tanga. Klasi inakubali tanga la mtengenezaji mwenye leseni tu, na la halali lina kitufe chekundu kilichopigwa karibu na pembe yake ya mbele chini. Tanga lenu halina. Unasema klabu nzima ilijua, na kabla ya mbio watu waliambiana pwani kwamba mwaka huu matanga ya mazoezi yatakubaliwa. Nakuamini, na najua liliamuliwa kwa nia njema. Lakini maneno ya pwani hayabadilishi kanuni za klasi. Kanuni za Mbio zinasema tangazo la mbio linaweza kubadilisha kanuni ya klasi pale tu kanuni zenyewe zinapoliruhusu badiliko hilo, au pale ambapo ruhusa ya maandishi ya chama cha klasi imebandikwa kwenye ubao rasmi wa matangazo. Hapakuwa na karatasi, kwa hiyo hapakuwa na badiliko. Mshindani aliyeweka pingamizi alikuwa na haki hiyo, na tafadhali usiruhusu vijana wako wamnunie. Mchezo huu hauna refa anayekimbia kando ya kila mashua. Unategemea washindani wenyewe kuzifuata kanuni na kuzisimamia.

Lakini sitaki uishie hapo ukidhani watoto wasio na uwezo hawana nafasi. Njia halali ipo na si ngumu. Klabu haishurutishwi kuziita mbio zake zote mbio za ILCA. Inaweza kuunda kundi lake, tuseme kundi la vijana, na kuliandikia kanuni zake za ukurasa mmoja: bodi iwe ya Laser au ILCA, usukani na ubao wa kati viwe vya kiwandani au vilivyorekebishwa kwa umbo la asili, tanga liwe la ukubwa fulani kutoka kwa mshonaji yeyote, mengine yote yafuate kanuni za klasi. Kanuni hizo zitajwe kwenye tangazo la mbio kabla ya siku ya kwanza, na kila mmoja azione. Hapo tanga lenu ni halali kabisa, mshindi ni mshindi, na asiye na senti ya kununua tanga la asili anashindana kwa heshima. Wale wanaojiandaa kwenda mashindano ya nje wafanye mbio zao za klasi kwa kanuni kamili, kwa sababu huko hawatapata huruma na ni bora wazoee nyumbani. Andikeni kanuni hizo za kundi kwa mtindo wa kufunga vilevile. Mkiziacha wazi, mwaka wa pili kuna mtu atakuja na mlingoti wa kaboni.

Umeuliza vilevile nani mwenye neno la mwisho, kwa sababu kocha mmoja wa nje alikuandikia barua pepe akisema kwake jambo la kamba lingepita. Maoni yake ni maoni. Kamati ya pingamizi ikiwa na shaka juu ya maana ya kanuni ya klasi, inatakiwa ipeleke swali pamoja na ukweli wa mambo kwa chombo chenye mamlaka ya kuitafsiri, na jibu litakalorudi linaifunga. Kwa mashua zako chombo hicho ni chama cha kimataifa cha klasi kupitia maofisa wake wa ufundi. Tafsiri zilizotolewa rasmi huchapishwa, nazo zisome pamoja na kanuni kila unapopakua nakala mpya. Kanuni yenyewe ikiwa haikupendezi, haibadilishwi na tafsiri: inahitaji kura za wanachama na idhini ya World Sailing.

Tofautisha shaka ya maana na shaka ya jambo. Je, “unene mmoja” unahusu na sehemu ya fundo? Hiyo ni shaka ya maana, ipelekwe juu. Je, kamba hii ina unene mmoja? Hilo ni jambo, na kamati inaamua papo hapo kwa kalipa. Katika kesi yenu, kwa namna ulivyoieleza, mambo ya kamba na tanga hayakuwa na shaka ya maana hata kidogo. Usukani ulihitaji kupimwa, na ukiniambia kwamba kamati iliutazama tu kwa mbali ukiwa juu ya toroli, basi hapo nakuunga mkono kwamba haikutosha.

Na lile la kwamba mashua si ya kijana bali ya klabu, halimwondolei wajibu. Kanuni za Mbio zinamtaja mwenye mashua na mtu mwingine yeyote anayeisimamia, wote wawili, kwamba wahakikishe inabaki ndani ya kanuni za klasi muda wote inaposhindana. Kwa hiyo kijana anapoichukua mashua ya klabu asubuhi, aipitie yeye: kamba, tundu jipya lililotobolewa bila sababu, kapi lililohamishwa mahali pake, ubao wa kati ulioachwa juani mpaka ukapinda. Mfundishe kufanya hivyo kama unavyomfundisha kufunga jaketi lake. Ni mafunzo ya ubaharia yaleyale.

Kuhusu rufaa. Rufaa huwekwa kwa chama cha taifa cha mchezo huu ndani ya siku 15 tangu kupokea uamuzi wa maandishi, na inahusu uamuzi au taratibu zilizofuatwa. Ukweli wa mambo kama ulivyoonwa na kamati hauguswi. Mkishatoa maandishi kwamba mtakata rufaa, kanuni zinamruhusu kijana aendelee na mbio zinazofuata bila kubadilisha mashua, lakini rufaa ikishindwa au msipoiwasilisha, anaondolewa kwenye mbio zote hizo bila kusikilizwa tena. Gharama za vipimo vya pingamizi la namna hii pia huangukia upande ulioshindwa, isipokuwa kamati iamue vingine. Nakushauri usikate. Hata mkishinda kwenye usukani, kamba peke yake inatosha kumwondoa kwenye mbio ile, na tanga pia. Mtatumia msimu mzima kupigania matokeo ya siku moja.

Badala yake iandikie kamati kuomba jambo moja: ukaguzi wa vifaa ufanyike kabla ya mbio ya kwanza ya mfululizo, pwani, saa mbili kabla ya kuondoka, kila mashua ipitiwe na mpimaji na orodha ibandikwe ubaoni. Ukaguzi huo haumzuii mtu kuweka pingamizi baadaye, lakini makosa mengi ya kutojua yanakamatwa hapo, kamba inabadilishwa, na mtoto anaingia majini akijua yuko sawa. Mimi niko tayari kuja kusaidia mfululizo ujao.

Kuhusu usukani, njoo nao wiki hii kabla fundi hajaugusa tena. Uje na mzima mmoja wa mtengenezaji yuleyule, na kama fundi ana nafasi aje naye, nimwonyeshe mahali pa kuongeza tabaka na unene tunaoutaka.